Sala ya Kweli na Ukaribu na Mungu: Fundisho la Uamsho wa Afrika Mashariki

Sala ya kweli, katika imani ya Kikristo, ni ile ambayo mtu hujitokeza mbele za Mungu jinsi alivyo, bila kujipamba na bila kujificha. Ndivyo Yesu alivyoanza kuifundisha. Katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo, kabla hajawapa wanafunzi Sala ya Bwana, anawatahadharisha na makosa mawili: kusali hadharani ili kusifiwa na watu, na kurundika maneno kana kwamba Mungu hushindwa na wingi wake. Dawa anayoitoa ni chumba cha ndani na mlango uliofungwa. Nyumba za wakulima na wavuvi wa Galilaya zilikuwa ndogo, na yaelekea chumba hicho kilikuwa ghala la nafaka na mafuta, mahali ambapo mwombaji hana wa kumvutia. Humo hakuna asikiaye isipokuwa Mungu, na Mungu anajua tayari.

Hapo ndipo huzuka swali ambalo Wakristo wameliuliza tangu zamani. Ikiwa Mungu anajua haja ya mtu kabla hajafungua kinywa, maombi ni ya nini? Mmoja wa waliolijibu vizuri kuliko wengi ni Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo. Mnamo mwaka 412 alimwandikia barua ndefu Proba, mjane tajiri wa Roma aliyekuwa amekimbilia Afrika baada ya mji wake kutekwa mwaka 410. Augustino anamweleza kwamba Mungu haombwi ili apate habari. Mtu huomba ili shauku yake mwenyewe ikue hadi aweze kupokea kile Mungu anachotaka kumpa, kwa kuwa moyo mdogo haubebi zawadi kubwa. Ndiyo maana, anasema, kusali kwa muda mrefu si sawa na kusema mengi. Anawataja watawa wa Misri, ambao sala zao zilikuwa fupi mno na za mara kwa mara, zikitupwa upesi kama mishale ili usikivu wa moyo usichoke. Yohana Kasiano, aliyeishi miongoni mwa watawa hao, naye aliandika jinsi mzee wao Isaka alivyofundisha kushika mstari mmoja tu wa zaburi, ule wa mwanzo wa Zaburi ya 70 unaomwita Mungu aje kusaidia upesi, na kwenda nao mchana na usiku, kazini na kitandani. Mtu anayezama majini hatafuti maneno mazuri ya kumwitia mwokozi.

Injili ya Luka inalionyesha jambo hilohilo kwa mfano wa watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Mfarisayo wa mfano ule hakusema uongo. Alikuwa akifunga kweli, na zaka alikuwa akitoa kweli. Upungufu wake ni kwamba hakuwa na jambo lolote la kumhitajia Mungu, na nafasi iliyobaki wazi katika sala yake aliijaza dhambi za jirani. Mtoza ushuru alikuja na kitu kimoja tu, hali yake mwenyewe, nacho kilitosha. Miaka mingi kabla yao Hana, mke asiye na mtoto, alisali huko Shilo midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kwa macho ya mlinzi wa ibada sala ya kweli inaweza kuonekana kama utovu wa heshima.

Zaburi zinakwenda mbali zaidi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni malalamiko: mtu anamuuliza Mungu amemsahau hadi lini, anamweleza juu ya adui, juu ya mifupa inayouma, juu ya rafiki aliyemsaliti. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, bila hata mstari mmoja wa kufariji. Waisraeli waliiacha hivyo hivyo katika kitabu chao cha ibada, na Kanisa likairithi. Waumini wengi wa leo huona haya kuomba namna hiyo. Hudhani imani humtaka mtu atabasamu kwanza ndipo aseme. Hilo ni kosa, na ni kosa linalogharimu, maana anayemficha Mungu hasira yake hubaki nayo peke yake. Yesu mwenyewe, kule Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee, akarudi kuomba tena na tena, kabla na wakati wa kuyakubali mapenzi ya Baba. Utii wake haukumzuia kusema alichotaka.

Katika Afrika Mashariki fundisho hili lilipata umbo lake la pekee katika karne ya 20, ndani ya Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda. Misheni ya Kianglikana ya Rwanda ilikuwa imefungua hospitali Gahini, kando ya Ziwa Muhazi, na mwaka 1928 akafika hapo daktari kijana Mwingereza, Joe Church. Alikuta njaa kali. Watu walikuwa wakifa njiani, wahudumu walikuwa wachache, na baada ya mwaka mmoja wa kazi hiyo daktari alikuwa amechoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya, ambaye naye alikuwa akitafuta kitu zaidi ya dini ya mazoea. Wawili hao waliketi na Biblia kwa siku mbili, wakifuata mistari juu ya Roho Mtakatifu na kuomba pamoja. Katika Uganda ya kikoloni, Mzungu na Mwafrika kupiga magoti bega kwa bega, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake, halikuwa jambo la kawaida. Nsibambi baadaye aliacha kazi ya serikali, akawa anazunguka Kampala katika kanzu nyeupe akiwauliza watu juu ya hali ya roho zao.

Church aliporudi Gahini mambo hayakulainika mara moja. Yalizidi kuwa magumu. Hospitali ilikuwa na manung’uniko kati ya wahudumu na wamisionari, na kati ya wahudumu wenyewe. Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, alikuwa mmoja wa walionung’unika sana. Alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza mabaya yote ya kazini. Nsibambi alisikiliza, kisha badala ya kumhurumia akamwambia kwamba chanzo cha hali ile ni dhambi iliyokuwa moyoni mwake Kinuka mwenyewe. Kinuka alianza safari ya kurudi amekasirika, lakini njiani maneno yale yakamfanyia kazi, naye akajitoa kwa Kristo kabla hajafika nyumbani. Aliporudi hospitalini aliungama na kuomba radhi. Kisa hiki kina kiini chote cha Uamsho ndani yake. Kinuka alikuwa akisali tangu zamani, na malalamiko yake huenda yalikuwa na ukweli mwingi, lakini yeye mwenyewe hakuwa ameingia katika sala yake.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini. Naye alijitenga kwa siku kadhaa akiomba na kusoma, akatoka na ujumbe mkali kwa Kanisa la Uganda kwamba limelala na lazima liamke. Alifariki Januari 1936 kwa homa ya papasi, akiwa bado kijana. Wakati huo mkutano wa Septemba 1935 huko Kabale, Uganda, ulikuwa umekwisha kuuvusha moto kutoka Gahini, na katika miaka iliyofuata ukaenea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na upande wa Bukoba katika Tanganyika. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikawapokea kama walokole.

Namna yao ya kusali inastahili kuelezwa kwa karibu. Kila wiki ndugu walikutana nyumbani kwa mmoja wao, kanisani au chini ya mti. Kifungu cha Biblia kilisomwa, sala zikatolewa, kisha mtu yeyote angeweza kusimama, mwanamume au mwanamke, mchungaji au mpishi, akasema Bwana amemwonyesha nini. Hakutakiwa kusema kwa jumla kwamba yeye ni mwenye dhambi, maana hilo kila mtu hulisema na halimgharimu kitu. Alitaja jambo lenyewe: wivu kwa mwalimu mwenzake, fedha za kanisa alizozitumia, maneno aliyomtupia mkewe asubuhi. Akishamaliza, wenzake waliimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu kwa damu yake, ulioimbwa hata na wasiojua Kiganda. Kuishi hivyo waliita kutembea nuruni, kwa kufuata sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza wa Yohana. Na ungamo halikuishia kwenye wimbo. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakaenda kwa waliowakosea hata kama hao walikuwa wamekwisha kusahau. Wamisionari nao waliungama kiburi cha rangi mbele ya Waafrika waliofanya nao kazi, jambo ambalo lilifanya zaidi kwa umoja wa Kanisa kuliko maazimio mengi.

Mtu angeweza kuuliza kama desturi hii haipingani na mlango uliofungwa wa Mathayo sita. Yesu anaficha sala, Uamsho unaianika. Jibu limo katika Injili hiyohiyo, sura moja nyuma, ambapo mwenye kuleta sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake anatakiwa kuiacha madhabahuni na kwenda kupatana kwanza. Mlango hufungwa ili kuepuka sifa. Haufungwi ili kumkwepa anayedai. Walokole walishika kwamba kati ya mtu na Mungu hakuna njia ya pembeni inayomzunguka jirani. Anayesema amekaribia mbinguni huku hasemezani na ndugu wa tumbo moja, kwao alikuwa bado yuko mbali, hata kama aliamka kila siku kabla ya jogoo.

Na kweli waliamka. Katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi walokole walikutana kusali kabla ya mapambazuko na kuwahubiria wenzao. Mkuu wa chuo alipokataza mikutano hiyo ya alfajiri walikataa kutii, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwemo William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri katika nchi nyingi. Pande zote mbili zilikosea. Wanafunzi walikuwa wepesi wa kuwahukumu walimu wao, na uongozi ulikuwa mwepesi wa kuona uasi mahali palipokuwa na njaa ya kiroho. Hata hivyo ndugu hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki katika Kanisa lililowafukuza, na uamuzi huo ndio uliofanya Uamsho uwe chachu ndani ya makanisa. Miongoni mwa Walutheri wa Bukoba ulimlea Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na mwaka 1977, katika mkutano wa Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Ukweli wa sala zao ulipimwa Kenya katika miaka ya vita vya Mau Mau. Ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha wapiganaji, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengi wao vilevile walikataa bunduki walizopewa na serikali ya kikoloni kwa ulinzi. Kila upande uliwahesabu kuwa wa upande mwingine, na baadhi yao waliuawa. Mtu anaweza kutokubaliana na msimamo wao wa kisiasa, hasa akikumbuka ardhi iliyoporwa, lakini hawezi kusema sala zao zilikuwa maneno matupu.

Lazima pia isemwe habari ya ukavu, maana wengi huacha kusali kwa sababu hawahisi kitu. Uamsho ulijaa machozi na nyimbo, na aliyezaliwa ndani yake huweza kudhani kwamba moyo usiochemka uko mbali na Mungu. Mapokeo mapana ya Kanisa hayakubaliani na hilo. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyeishi kutoka 1515 hadi 1582 na ambaye ni mmoja wa walimu wakuu wa sala, ameandika katika kitabu cha maisha yake kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiketi kusali huku akingoja saa iishe, na kwamba mara nyingine adhabu yoyote ingekuwa nafuu kuliko kuingia katika chumba cha sala. Aliingia hata hivyo. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu muda wote aliowahudumia maskini alikaa katika giza la ndani, bila kuhisi uwepo wa Yule aliyemtumikia. Wapo waliosema barua hizo zinamfunua kuwa mnafiki. Zinaonyesha kinyume chake: aliwaambia viongozi wake wa kiroho ukweli wa hali yake, akaendelea kuamka na kusali. Ukaribu na Mungu ni tendo la Mungu kwanza, nao unaweza kuwapo pale ambapo hisia zimezimika.

Hatari ya upande wa pili ni kubwa kuliko ukavu. Ungamo lenyewe linaweza kugeuka maonyesho. Baada ya miaka kadhaa ushuhuda katika mikutano mingi ulipata mtindo wake: maneno yaleyale, dhambi zilezile, na wimbo uleule mahali palepale. Mtu aliweza kukariri toba kama mwingine anavyokariri sala ya kitabu, na asiyejua lugha ya ndugu akahesabiwa kuwa hajaokoka. Penye ulegevu walitokea waliodai kwamba wenzao wamepoa na wanahitaji kuamshwa upya, wakaweka masharti ya mavazi na ya kukopa fedha, na ushirika ukagawanyika. Huyu ni Mfarisayo wa Luka aliyevaa nguo za mtoza ushuru: sasa anamshukuru Mungu kwamba yeye anajua kutubu kuliko wengine.

Kuna pengo jingine, nalo ni zito. Rwanda, ambamo moto huu uliwaka kwanza, ndiyo nchi ambamo mwaka 1994 mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa katika mauaji ya kimbari, pamoja na Wahutu waliowapinga wauaji. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama Ntarama na Nyamata, na kati ya wauaji walikuwamo watu waliobatizwa na kusali nao Jumapili. Wapo Wakristo, na walokole miongoni mwao, waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wa kabila jingine na wakafa kwa ajili hiyo. Lakini historia inadai isemwe wazi kwamba toba iliyozoea kutaja pombe, wizi na uzinzi mara nyingi ilinyamaza juu ya kabila na madaraka. Sala ikimfunulia Mungu chumba kimoja cha nyumba na kufunga vingine, haijawa ya kweli bado, na kilichofungiwa huko huendelea kukua.

Kwa hiyo mapokeo ya Kikristo yameweka kipimo kigumu kuliko machozi na kuliko ushuhuda, nacho ni kumwombea adui. Festo Kivengere alikuwa mwalimu kijana huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, Uamsho ulipomkuta mwaka 1941. Muda si mrefu baada ya kuokoka, akiwa katika maombi, alikumbushwa Mzungu mmoja ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Alipanda baiskeli akasafiri kama maili 50 kwenda kumwomba radhi. Kisha alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, akahubiri katika nchi nyingi, akawa askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere, ambaye naye alikuwa akitafutwa, alivuka milima usiku kwa miguu na mkewe Mera hadi Rwanda.

Ijumaa Kuu ya mwaka ule alikuwa London, katika kanisa la All Souls, akisikiliza habari ya Yesu kuwaombea msamaha waliomsulubisha. Hapo akatambua kwamba chuki juu ya Amin ilikuwa imekomaa moyoni mwake na kwamba ilikuwa ikimkausha. Aliungama chuki hiyo kwa Mungu, akamsamehe Amin, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda. Kitabu hicho hakikuficha damu iliyomwagika. Kinaeleza kifo cha Luwum na mateso ya Waganda bila kulainisha. Wapo wakimbizi walioona jina lile kama dharau kwa waliofiwa, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Lakini kusamehe, kwa Kivengere, hakukuwa kusema kwamba hakuna kilichotokea. Kulikuwa kukataa kuendelea kusali akiwa na mtu mmoja aliyefungiwa nje ya sala zake, na msamaha wa namna hiyo huombwa upya kila uchungu unaporudi. Amin alipoangushwa mwaka 1979 Kivengere alirudi Kabale, akaendelea na kazi ya uaskofu na ya upatanisho katika nchi iliyokuwa bado na vita, hadi alipofariki mwaka 1988.